Mwaka Tuliobadilishana Wagonjwa

Yule mama alikuja na maganda matupu ya vidonge, ameyafunga kwenye pindo la kitenge kama mbegu za msimu ujao. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Alikuwa ameloa mpaka magotini, na binti yake aliyemleta alikuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni, chini ya mwavuli uliokatika vijiti viwili. Walitoka Masukulu kwa bodaboda, wote kwenye pikipiki moja.

Mimi ni muuguzi. Wakati ule, mwaka wa korona, nilikuwa nasimamia chumba cha kifua kikuu katika kituo kimoja cha afya nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Nilizaliwa Singida. Nililetwa huku na barua ya ajira nikiwa msichana, nikajiambia nitakaa miaka miwili kisha niombe uhamisho. Nikaolewa huku, nikazalia huku, nikajifunza Kinyakyusa cha wodini na cha sokoni, kile cha kuuliza unaumwa wapi na mkungu huu bei gani. Uhamisho niliacha kuuomba. Nisidanganye kwamba ni mapenzi, nilichoka kuomba.

Binti ndiye aliyeeleza. Mama yake ni mtu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Watu wa kule na wa huku wanaoana tangu zamani, lugha zao ni ndugu, na mto ule kwao ni mto tu. Mama alikuja kumlea binti aliyejifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa tayari ameanza dawa za kifua kikuu kliniki ya kwao, akapewa vidonge vya mwezi mmoja vya safari, akaambiwa arudi kabla havijaisha. Angerudi. Lakini katikati ya mwezi ule mpaka ulifungwa kwa watu. Malori yaliendelea kupita kwa sababu mizigo haikai. Mtu wa miguu alirudishwa, na aliyevuka kwenye vivuko vya kienyeji akikamatwa aliwekwa karantini.

"Leo siku ya tatu hajameza kitu," binti alisema.

Mama akakohoa kidogo, kikohozi kikavu, akaficha mdomo kwenye kitenge. Nje kwenye benchi nilisikia watu wanasogea. Siku zile kikohozi kimoja kilitosha kuliacha benchi zima na mtu mmoja.

Nilitazama kadi yake. Ilikuwa ya Kiingereza, rangi nyingine na zetu, na mwandiko wa mtu anayeandika kwa haraka. Nilijua jinsi ya kumtibu. Nisichokijua ni alipofikia. Dawa hizi zina awamu mbili, na kati ya awamu na awamu mgonjwa hupimwa makohozi ili ijulikane kama vijidudu vimekwisha. Kipimo chake kilikuwa kimefanyika siku chache kabla hajasafiri, na majibu yalibaki kule. Ukibahatisha, unaweza kuzalisha kifua kikuu kisichosikia dawa. Tena dawa zetu huja kwa hesabu ya majina yaliyo kwenye rejesta, na mgonjwa aliyeanzia mahali pengine lazima aje na fomu ya uhamisho. Fomu ya kutoka nchi nyingine sikuwa nimewahi kuiona.

Nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi. Alikuwa daktari kijana, mwenye adabu, hajawahi kunipandishia sauti.

"Sista, huyu ni raia wa nchi nyingine," alisema. "Hapa tuandike barua."

"Iende wapi?"

"Wilayani. Wilaya ipeleke mkoani, mkoa upeleke wizarani. Wizara yetu ndiyo itawaandikia wenzetu."

"Na majibu?"

Akatazama dirishani, mvua ilikuwa inapiga migomba. "Yatarudi kwa njia hiyohiyo."

Niliiandika siku ileile. Nakala yake ninayo mpaka leo kwenye faili, imegongwa mhuri vizuri. Kisha nikampa yule mama vidonge vya wiki moja, vilevile alivyokuwa akimeza, nikamwandika jina kwa penseli. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Nilimwambia asipige goti, sakafu ina maji.

Walipoondoka nikaigeuza kadi niliyobaki nayo. Nyuma palikuwa na mhuri wa kliniki, na chini ya mhuri mtu alikuwa ameandika namba ya simu kwa mkono.

Nilipiga. Salio likakata kabla sijamaliza kusalimia. Baada ya dakika tano simu ikaita, ni yeye.

Alikuwa mwanamume, mtabibu wa kliniki ya kifua kikuu kule. Aliongea Kingonde, lugha ya kwao, nami nikamjibu kwa Kinyakyusa changu cha sokoni. Pale vilipoachana tukashika Kiingereza cha chuoni, na kilipotuishia yeye akatoa Kiswahili alichojifunza kwa wachuuzi wetu. Hapa nayaandika yote kwa Kiswahili, maana vile yalivyokuwa siwezi kuyaandika.

"Huyo mama ni wangu," alisema. "Nimemtafuta wiki nzima. Nimekwenda mpaka kwake kwa baiskeli, nikakuta mlango umefungwa kwa kamba."

"Yuko huku. Anamlea binti yake. Naomba majibu ya makohozi, na uzito wake wa mwisho."

"Sista, utanisamehe. Siwezi kusoma faili la mgonjwa kwa mtu nisiyemjua, kwenye simu. Mkubwa wangu ameniambia tuandike barua."

"Na wangu ameandika barua."

Tukacheka wote wawili. Sikumbuki kucheka tena mwezi ule.

"Umesema uko Tukuyu?" akauliza. "Subiri hapohapo." Nikasikia droo inafunguliwa, karatasi zinapekuliwa. Kisha akasoma jina.

Lilikuwa jina nililoliandika mwenyewe. Mpasua mbao mmoja wa Mpuguso, mtu wa miaka arobaini hivi, alianza dawa kwangu, akachukua za mwezi wa kwanza, akachukua za pili, kisha akapotea. Nilikuwa nimemfuata nyumbani mara mbili. Mke wake alisema amekwenda kupasua mbao, hajui wapi. Kwenye rejesta nilishamweka kwenye orodha ya watoro.

"Ameingia hapa jana na kadi yenye mwandiko wako," alisema. "Dawa zimemwishia, na kurudi kwenu hawezi. Mimi naye sina fomu yake."

Nilikuwa nimeegemea kabati la dawa, goti langu la kushoto linauma kama kawaida ya siku za baridi.

"Basi nitunzie wangu," nikasema, "nami nikutunzie wako."

"Kwa dawa za nani?"

"Wewe za kwako, mimi za kwangu. Wanalingana, mmoja kwa mmoja. Atakayekuja kuhesabu hataona upungufu wa kututisha."

Ndivyo tulivyopatana. Alinisomea majibu: makohozi yalikuwa safi, mama anastahili kuingia awamu ya pili. Nami nikamsomea ya mpasua mbao: yake hayakuwa safi alipopimwa mara ya mwisho, na ni mnywaji, asipewe dawa za mwezi mzima mkononi. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tungepigiana, uzito kwa uzito, vidonge kwa vidonge. Nilimweleza mkubwa wangu jioni ileile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sista, mimi nimesikia kwamba unasubiri majibu ya barua." Nikamshukuru. Alikuwa amenisaidia kadiri alivyoweza.

Kazi haikuwa ngumu. Kilichochosha ni mengine yote. Siku zile upande wetu na upande wao tulikuwa na maneno tofauti. Kwao redio ilikuwa inataja waliopimwa na waliokufa kila jioni. Kwetu ulifika wakati neno lenyewe likawa halitamkwi ovyo. Tulisema changamoto ya upumuaji, na watu wakajifukiza majani ya mikaratusi. Mwenzangu akiniuliza, "Huko kwenu hali ikoje?" nilikuwa najibu, "Tunaendelea." Hakuwahi kunibana. Mimi nikimuuliza wa kwake, alikuwa anataja hesabu kisha anasema, "Lakini hizo ni tulizopima." Tukajifunza kuongea kama wajumbe wa serikali, sisi ambao hakuna serikali iliyotutuma.

Wiki ya sita hivi, binti wa Masukulu akanipigia analia. Kitongoji kimekaa kikao, wanataka mama yake aondoke. Wanasema ameleta ugonjwa kutoka ng'ambo.

Nilikwenda kwa bodaboda, nimevaa sare chini ya koti la mvua. Kikao kilikuwa bado kimekaa, chini ya mapaa ya mabati ya mashine ya kusaga. Mama mwenyewe alikuwa ameketishwa peke yake kwenye kigoda, mbali na watu, mjukuu mapajani. Mwenyekiti wa kitongoji alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti.

"Nesi, sisi hatuna ubaya na huyu mama," alisema. "Lakini anakohoa, na katoka kule ambako watu wanakufa. Tuna wazee hapa, tuna watoto."

"Mwenyekiti, huyu anaumwa kifua kikuu, na amekwishapimwa. Hamwambukizi mtu tena."

"Amepimwa wapi?"

"Kwao."

Kukawa na minong'ono. Mzee mmoja akasema kwa Kinyakyusa kwamba vipimo vya kwao ni vya kwao. Niliposikia hivyo nilichoka ghafla, uchovu wa kutaka kulala palepale kwenye magunia. Nikafikiria niseme mengi, juu ya vijidudu na mipaka. Badala yake nikasimama, nikaenda kukaa chini kando ya yule mama, bega kwa bega, nikamchukua mtoto nikampakata. Sikupanga. Miguu ndiyo iliyonipeleka.

"Nimekaa naye chumbani kwangu kila wiki, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi," nikawaambia. "Nina watoto watatu nyumbani. Nisingefanya hivyo kama ningekuwa na shaka. Mkitaka, nitampima tena hapa kwetu, kwa hadubini yetu, na majibu nitamletea mwenyekiti mkononi."

"Kwa hadubini yetu," mwenyekiti akarudia, na nikaona hilo limewaingia.

Nilimpima. Majibu yalikuwa safi kama yale ya kwao. Nikayapeleka kama nilivyoahidi, na mwenyekiti aliyasoma kwa sauti mbele ya watu hata pale asipoelewa. Mama akabaki. Siku nyingine nilimwona kwenye foleni yangu, watu wamekaa karibu naye, wanamuuliza habari za ndugu zao wa kule. Aliongezeka kilo moja, kisha mbili. Aliniletea ndizi, nikampa nusu arudi nazo.

"Ndaga fijo, mwanangu," alikuwa akinishukuru kwa lugha yao kila alipomeza vidonge mbele yangu.

Upande wa pili mambo hayakwenda hivyo. Ijumaa ya kwanza mpasua mbao alikuwa ameongezeka nusu kilo. Ya pili alikuwa pale pale. Ya tatu mwenzangu hakuanza na uzito.

"Sista, wako amenikimbia."

"Tangu lini?"

"Siku tisa. Kuna mtu ameniambia yuko milimani, kwenye kambi ya mbao. Kesho nitakwenda."

Alikwenda. Kilomita ngapi sijui, kwa baiskeli, na baiskeli ikimshinda kwa miguu. Alimkuta, akamsihi, akarudi naye. Alimweka kwenye nyumba yake mwenyewe, chumba cha nje, ili ameze dawa mbele yake. Nilimuuliza mke wake amesemaje. Akasema mke wake ndiye aliyetoa wazo. Mimi sikuwa nimemweka mtu yeyote nyumbani kwangu. Nilifikiria hilo kwa siku kadhaa.

Kisha katikati ya mwezi, si Ijumaa, simu ikaita nikiwa natoa chanjo za watoto. Nilipoona namba nilitoka nje.

Alisema mpasua mbao alianza kubanwa na pumzi Jumapili. Walimpeleka hospitali, wakampima, akaonekana ana korona juu ya mapafu ambayo tayari yalikuwa yamechakaa. Walimwekea hewa. Amefariki alfajiri.

"Nisamehe," alisema. "Wangu umemtunza. Wako nimemshindwa."

Nikamwambia asiseme hivyo. Nikamwambia mtu yule alinishinda mimi kwanza, huku kwetu, kabla hajafika kwake. Yote yalikuwa kweli, na hayakumsaidia.

Akauliza, "Mnamtaka?"

Alikuwa anaulizia maiti. Nilirudi tena kwa mkubwa wangu, naye safari hii hakutaja barua. Alichukua simu, akapiga kote alikoweza kupiga, akasimama dirishani nusu saa huku anaitikia ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Mwisho akatikisa kichwa. Mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa ule usingevuka, na ndugu wasingevuka kuufuata. Kule nao walitaka azikwe siku ileile.

Nikaenda Mpuguso. Mke wa marehemu alikuwa uani anapepeta maharage. Aliponiona na sare akaweka ungo chini. Nadhani alijua. Nilimwambia kwa maneno yaliyokuwa yakitumika, kwamba mumewe alipata changamoto ya upumuaji.

"Korona?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakulia papo hapo. Aliuliza atazikwa wapi, nikamwambia. Akauliza kama ndugu wanaweza kwenda, nikamwambia. Majirani walikuwa wameanza kusogea kwenye ua, wanawake wanajifunga khanga viunoni, maana huku msiba hausubiri tangazo. Akaniomba nimpigie yule bwana. Nikapiga, nikampa simu.

Waliongea kwa lugha yao, wakaelewana vizuri kuliko nilivyowahi kuelewana naye mimi. Nilishika nusu. Mjane hakuuliza juu ya ugonjwa wala dawa. Aliuliza nani alimwogesha. Akajibiwa. Aliuliza kaburi linatazama wapi. Akajibiwa. Kisha akauliza, "Nani atamlilia?"

Huku mtu hazikwi kimya. Asiyeliliwa ni kama aliyetupwa. Nilisikia sauti ya yule mwanamume kwenye simu ikisema, "Tuko sita. Mke wangu amekwishaanza kulia."

Hapo ndipo mjane alipoanza kulia naye, na ua mzima ukaitikia. Nikaenda kukaa na wanawake kwenye majani ya migomba, na nililia pia. Nilikuwa na mwaka mzima sijalia. Alikuwa mgonjwa wangu mtoro, mlevi, aliyewahi kunitukana chumbani kwangu, na nililia mpaka shingo ikauma.

Mama wa Masukulu alimaliza dawa zake mwezi uliofuata. Nilipompima mara ya mwisho akawa mzima, nikamwandika kwa kalamu. Nilimweleza habari za mpasua mbao, kwa kuwa ilionekana si haki asijue. Aliuliza kijiji alichozikwa. Akasema anakifahamu, ni njiani kuelekea kwa dada yake, na akirudi atapita kusafisha kaburi. Mpaka ulipofunguliwa alirudi kwao na begi jipya na picha ya mjukuu. Kama alipita kaburini sikupata kujua. Huenda alipita.

Majibu ya barua hayakuja. Ulikuja mkutano. Ulifanyika hapa Tukuyu, kwenye ukumbi wenye viti vilivyovikwa vitambaa, mabango ya nchi mbili ukutani, chai na chapati saa nne. Wajumbe walitoka pande zote mbili za mto kuzungumzia ushirikiano wa wagonjwa wa mpakani. Mimi niliitwa kuandikisha mahudhurio mlangoni. Mtu mmoja mfupi, mwenye koti lililompwaya, aliinama kuandika jina, na nikautambua mwandiko kabla sijautazama uso. Kwenye simu nilikuwa nimemdhania mrefu.

"Sista," alisema.

"Daktari."

Tulishikana mikono kwa muda mrefu kiasi kwamba waliokuwa nyuma yake walianza kukohoa, wakicheka. Nikamuuliza habari za mkewe. Akasema yuko, anasalimia.

Hotuba zilikuwa nzuri. Baadaye wakafika kwenye takwimu, na hapo pakawa na ubishi. Tangu zile simu za kuomba maiti habari zetu zilikuwa zimefika juu: palikuwa na mgonjwa mmoja aliyepona na mmoja aliyefariki, na ilipaswa ijulikane wanahesabiwa wapi. Yule aliyepona, kila upande ulieleza kwa ufasaha kwa nini ni wa kwake: kule alianza, huku alimaliza. Aliyefariki kila upande ulieleza kwa ufasaha uleule kwa nini si wa kwake. Walitumia maneno ya kistaarabu sana. Mjumbe mmoja alisema tusiharibu uhusiano mwema kwa jambo dogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anataka tufike kwenye chakula.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na daftari la mahudhurio. Niliona yule mfupi anasimama bila kupewa nafasi.

"Nilimzika mimi," alisema. "Kama kuna mahali pa kumwandika, mwandikeni kwangu."

Mwenyekiti wa mkutano akamshukuru kwa moyo wake, akasema suala hili lina utaratibu. Wakasomewa utaratibu: mgonjwa huhesabiwa alikosajiliwa kwanza. Mama akahesabiwa kwao, mpasua mbao kwetu. Jambo hilo lilikuwa sawa, na lingeweza kujulikana tangu asubuhi. Nilipofika kazini kesho yake nilifungua rejesta, nikafuta neno mtoro, nikaandika amefariki, na tarehe. Nilikuwa nimelichukulia kama deni la kazi, basi, likaandikwa.

Siku ile ya mkutano, kwenye chakula cha mchana, mimi na mwenzangu tulikaa pamoja. Alikuwa ameleta bahasha yenye cheti cha kifo, maana mjane alihitaji karatasi ili shamba la mumewe lisichukuliwe na shemeji zake. Alikula wali wote na ndizi, akaniambia amechoka, kwamba tangu ule mwaka hajawahi kuamka akiwa amepumzika. Nikamwambia na mimi. Tukaacha hapo. Magari yao yaliondoka mapema, walitaka kuvuka kukiwa na mwanga.

Cheti kile kilitusumbua. Kwenye ofisi ya wilaya mjane aliambiwa mhuri ni wa nchi nyingine, hautambuliki. Nilikwenda naye Jumatatu, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Alhamisi nikaenda na barua ya mkubwa wangu na nakala ya makubaliano ya mkutano, kurasa zote. Karani alizisoma polepole, akaenda chumba cha ndani, akarudi, akagonga mhuri wetu kando ya mhuri wao. Shamba lilibaki kwa mjane. Alipanda miparachichi, nasikia imeanza kuzaa.

Mwenzangu alihamishwa kwenda wilaya ya mbali, kusini kwao. Tulipigiana mara mbili tatu, kisha hatukupigiana. Nafasi yake imechukuliwa na binti mmoja mchangamfu anayeniita Madam. Makubaliano yalileta fomu, na fomu ina kurasa nne, na yeye hatoi majibu ya kipimo kabla hajaipokea. Ana haki. Angalau sasa kuna fomu.

Wiki iliyopita nimejaza ya mama mwingine, wa Kisiba, anayekwenda kule miezi miwili. Mgongo ulikuwa unauma na foleni ilikuwa imefika getini. Ukurasa wa tatu wanauliza sababu ya mgonjwa kuvuka mpaka, na wameacha mstari mmoja mfupi. Nilimtazama yule mama, akanitazama. Nikaandika: kusalimia ndugu.